Chombo Kilichoupa Mwezi Kisogo

Hapo zamani, zamani ambayo huenda bado haijafika, mji mmoja wa milimani ulituma chombo kisicho na mtu kwenda Zohali, sayari yenye pete. Kilisafiri miaka mingi ili kiupige picha mwezi mmoja wa barafu. Kingeupita mara moja tu, kisirudi tena.

Watatu walikiongoza. Mzee Shekimweri aliandika amri. Zaituni, mke wa mwanawe, alizikagua. Singano alizijaribu kwenye chombo pacha kilichobaki ghalani, kisha akazirusha.

Siku ilipofika, watoto wa shule walijaa uani kusubiri picha. Mzee akaandika: geuka kushoto. Zaituni akasoma, akajua ni kulia. Lakini wageni walikuwapo, na mkaza mwana hamkosoi baba mkwe mbele ya wageni. Akaipitisha amri. Singano hakujaribu; pilau ilikuwa inapoa. Akarusha.

Chombo kingegeuka jioni. Muda wa kutuma amri nyingine ulikuwapo. Wakaketi mkekani kula.

"Mbona huli, shemeji?" Singano akauliza.

"Nimeshiba."

"Umeshiba harufu?"

Zaituni akamtazama, kisha akatazama ghala. Singano akaelewa kwamba amri ina kosa. Akajaza wali mdomoni. Mzee naye, alipokuwa akinawa, aliutazama mkono wake wa kulia, akakumbuka kwamba ilipaswa kuwa kulia. Akaomba aongezewe maji.

Jioni chombo kikaupa mwezi kisogo. Picha ikaja: giza tupu.

Mmoja alipaswa kutoka kuwaambia watoto, na ambaye angetoka angebeba lawama yote, asirudi tena kazini.

"Aliyeandika ni mimi," alisema Mzee. "Lakini ningeambiwa mapema, ningefuta. Nilipojua mwenyewe, niliogopa macho ya wageni."

"Mimi nilijua kabla yenu, Baba," alisema Zaituni. "Nikaona heri kipotee chombo kuliko uaibike wewe. Sasa vyote viwili vimetokea."

Singano hakuinua uso. "Pacha angeniambia, lakini sikumuuliza. Na nilipojua, niliogopa mtauliza kwa nini sikujaribu. Nikala hadi sahani ikawa tupu."

Nje mtoto mmoja akabisha mlango. "Babu, mwezi umefika?"

Wote watatu wakautazama mlango.

Nanyi mnaosikiliza, msinijibu haraka, maana wote watatu walijua, na wote watatu walibaki mkekani. Je, nani alistahili kuufungua mlango ule?