Joho la Makungu

Hapo zamani, katika nchi ya Mtangani, palikuwa na ada ambayo wasimulizi mpaka leo hawajategua maana yake: siku ya kuchagua wachezaji wa ule mpira wenye umbo la yai, urushwao kwa mkono, nchi iliyopigwa zaidi uwanjani ndiyo iliyochagua kwanza. Aliyeiweka ada hiyo alikuwa mwenye huruma, au alikuwa amepigwa? Hakuna ajuaye.

Basi mwaka mmoja Sultani Shaibu alipigwa na kila jirani, lawama akamtupia mrushaji wake Makungu, mtu mzima mwenye tumbo lake. Asubuhi ya kuchagua akamwachisha. Na aliyeachishwa husimama uwanjani pamoja na vijana, achukuliwe na yeyote amtakaye. Kisha Sultani akamwita Kirobo, fukara mwenye maneno mengi kuliko nguo.

"Kirobo, leo utanichagulia wewe. Nataka mrushaji ambaye jirani yangu Jumbe Ngwali akimkosa atalia. Asipolia, jua lisikuchwee katika nchi yangu."

Baraza likacheka, maana Jumbe Ngwali hakulia hata alipomzika mamaye.

"Machozi ya kweli, bwana wangu?"

"Ya kudondoka!"

Wote walijua Sultani amtaka Shaha, kijana mwembamba kama bamia, aliyerusha mpira ukavuka paa la jumba. Kirobo naye alimpenda. Lakini aliamriwa machozi, hakuamriwa Shaha. Akazunguka uwanja akitafuta, maana nchi nyingine hakuwa nayo. Nyuma ya hema la Jumbe akamkuta mshoni ameinamia joho.

"Fundi, mwalivika hema?"

"Nyamaza, ndugu yangu. La mrushaji wetu mpya. Tangu asubuhi sijainua kichwa."

Kirobo akalitazama lile joho. Shaha angezamia humo asionekane.

Ngoma ikalia. Kirobo akapaza sauti: "Mtangani yamchukua Makungu!"

"Ewe mpumbavu!" akanguruma Sultani. "Huyo nimemtupa leo hii!"

"Nami nimemwokota, bwana. Lakini tazama kule."

Kule Jumbe Ngwali alikuwa amejifunika uso kwa kilemba, mabega yakimtikisika. "Makungu wangu! Miaka mingi amenitesa, nikadhani leo..." Akamchukua Shaha huku akijipangusa machozi.

Sultani akauliza: "Kirobo, mbona mimi sikumlilia?"

"Wewe, bwana, hukupata kusimama upande wa pili."

Sultani akacheka hata akashika mbavu. Ikaamuliwa Kirobo akae mjini, Makungu arudi mahali pake, na lile joho likaombwe, maana halingemwenea mwingine. Aliyekwenda kuliomba kwa Jumbe, viatu mkononi, ni Sultani mwenyewe.