Geji Inayosoma Mpaka Ishirini

Ndugu zangu, kulikuwa na mtu mmoja kule Rungwe, Ambilikile, aliyetoa injini ya pikapu yake akafunga kubwa zaidi, yenye turbo. Gari likawa linapanda milima kama halina mzigo. Fundi wake alikuwa mwanamke, Sekela. Akamwambia, "Baba, injini hii inakunywa. Tufunge geji ya presha ya petroli, tujue kama pampu inaiweza."

Akamfungia geji inayosoma mpaka saba. Wakaenda kuijaribu mlimani. Katikati ya mlima, mshale ukashuka.

"Pampu imezidiwa," Sekela akasema.

"Mbona gari linavuta vizuri? Geji hii inanitia wasiwasi bure. Nifungie ile kubwa niliyoiona gerejini kwako."

"Ile inasoma mpaka ishirini, baba. Presha ikishuka kidogo hutaona kitu, na hicho kidogo ndicho kinachounguza injini."

"Gari ni la nani, mama?"

Sekela akaing'oa ile ndogo. Akafunga ile kubwa. Mshale ukatulia.

Wiki ya tatu, mke wa Ambilikile akashikwa na uchungu. Wakaupanda mlima uleule kwenda hospitali, Ambilikile amekanyaga mafuta mpaka mwisho, jicho kwenye geji. Mshale umetulia. Mara moshi, chuma kikalia, injini ikazima. Mtoto alizaliwa kwenye tela la trekta, juu ya magunia ya majani ya chai. Mungu ni mwema, yeye na mama yake wako hai.

Ambilikile akaenda gereji amefura. "Jumatatu ulinibadilishia plagi. Hukusikia injini inagonga?"

"Nilisikia."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Baba, ulishanifundisha nisikuambie."

Mnasikia hapo? Sisi tunadhani mtu huyu alichagua geji. Alichagua na fundi asiyesema!

Nikuulize wewe uliyekaa hapo: nyumbani kwako ni nani ameacha kusema? Mwaka jana binti yako alikuambia, "Baba, pombe imezidi." Ukamkaripia. Siku hizi hasemi, nawe unatuambia nyumba yako ina amani. Amani gani hiyo?

Leo ukitoka hapa usipitie popote. Nenda, kaa naye, mwambie, "Mwanangu, niambie tena." Atakuangalia kwanza, maana anakuogopa. Msubiri. Na akifungua kinywa, ndugu yangu, usimkatize.