Umati wa Bwana Kifaru

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika kwenye mafiga na kufagia nyua zao kama sisi, Nyika Kuu ilibaki bila rais. Simba alikuwa amezeeka, meno yote yamemtoka, akasema, "Mimi basi. Tafuteni mwingine."

Wakajitokeza wagombea wawili. Wa kwanza alikuwa Ngiri, mwenye uso kama mzizi uliong'olewa. Wa pili alikuwa Bwana Kifaru.

Aa, Bwana Kifaru! Pembe kaipaka mafuta mpaka inameremeta. Mwili kama ghala. Macho tu ndiyo yalikuwa hafifu: hakuweza kutofautisha kichuguu na mkwewe. Lakini nani angethubutu kumwambia?

Siku ya kwanza ya kampeni alitoka mbio kwenda kutafuta kura. Gidi! Gidi! Gidi! Nyuma yake alikimbia Fisi, mpambe wake, kiti kichwani. Wakakatiza katikati ya shamba la viazi vitamu la Bi Pimbi, mjane aliyeishi na wanawe kwenye miamba ya mlimani. Pwaa! Matuta yote yakawa chapati.

Bi Pimbi, asiyezidi paka kwa ukubwa, akaruka akasimama mbele yao.

"Jamani, Bwana Kifaru! Viazi vyangu! Wanangu watakula nini?"

Kifaru akapepesa macho. "Fisi, nani anapiga kelele huko chini?"

"Ni pimbi tu, mheshimiwa."

"Wewe pimbi, nyumbani kwako mko wangapi?"

"Mimi na wanangu, na hao bado hawajafikia umri wa kupiga kura."

"Kura moja!" Kifaru akacheka mpaka masikio yakatikisika. "Kura moja inanisimamisha njiani! Mimi nataka umati, mama. Umati! Na nikishinda, hiyo miamba yenu naivunja. Nataka uwanja wa gwaride."

Moyo wa Bi Pimbi ukafanya paa! Miamba ndiyo ilikuwa nyumba yake, na ndiko alikomzika mumewe. Tusi lilimfika kwenye ulimi. Akalimeza, akainamisha kichwa.

"Umati, mheshimiwa? Mbona hukusema mapema? Mimi najua ulipo. Ila wanapenda ndizi na mahindi ya kuchemsha. Wenye njaa hawashangilii vizuri."

"Maghala yangu yamefurika! Lete umati!"

Bi Pimbi akateremka mbio hadi mtoni, akaruka jiwe kwa jiwe, akavuka ng'ambo. Huko ilikuwa nchi nyingine, yenye rais wake na sheria zake, na nyani wengi wasio na kazi. Akamkuta mkubwa wao, Mzee Kidevu, akichokonoa meno.

"Shikamoo, Mzee Kidevu."

"Marahaba, Bi Pimbi. Kwema huko?"

"Si kwema sana. Nyie mnajua kushangilia?"

"Kushangilia nini?"

"Chochote."

"Kuna chakula?"

"Ndizi na mahindi."

"Basi tunajua," akasema Mzee Kidevu, akatupa kijiti chake.

Kesho yake Kifaru alipanda kichuguu na kuona mbele yake kitu cheusi, kikubwa, kinachochemka.

"Kifaru!" akaita Fisi.

"Hoyeee!"

"Pembe juu!"

"Juu! Juu zaidi!"

Kifaru akatokwa na machozi ya furaha. Akahutubia mpaka povu likamtoka: atajenga hiki, atafuta kile, nyasi zitaota hata kwenye mawe. Nyani wakapiga vigelegele, wakala, wakasinzia.

Siku iliyofuata mkutano ulikuwa bonde la pili. Nyani walewale, safari hii wamejipaka majivu. Siku nyingine wakajifunga majani ya mgomba kiunoni. Fisi aliwatambua mapema, lakini kila alipofungua mdomo Bi Pimbi aliuziba kwa mkungu wa ndizi, naye Fisi akaona heri kutafuna kuliko kusema.

Mara moja tu mambo yalitaka kuharibika. Kifaru alikuwa akinguruma, "Ndugu zangu, nikichaguliwa nita..." Nyani mmoja wa mbele akamalizia kwa sauti, "...nitaleta mvua kila Ijumaa!"

Kifaru akakatiza hotuba.

"Huyu kajuaje?" akauliza Kifaru. "Ahadi hiyo niliitoa bonde lile lingine."

Bi Pimbi akawahi kujibu. "Mheshimiwa, sifa zako zinakimbia kuliko miguu yako. Hotuba zako sasa zinakaririwa hata na watoto."

"Kweli?"

"Kweli, baba! Ya Ngiri nani anaikariri?"

Kifaru akavimba, na hotuba ikaendelea.

Njiani kurudi, Mama Kanga na majirani zake walisimama kando, ndoo tupu mkononi. "Mheshimiwa, tuna neno dogo. Kisima chetu kimekauka..."

"Tokeni njiani!" akafoka Kifaru. "Hamjaona umati wangu? Nyie vifaranga mtaniongezea nini?" Gidi! Gidi! Akawaachia vumbi machoni.

Jioni ile Ngiri alipita hapohapo, peke yake. Hotuba hana. Akasikia habari ya kisima, akaingia ndani, akaanza kufukua kwa pembe zake. Bi Pimbi alimwona kutoka kwenye miamba yake. Usiku huo alilala vizuri.

Siku ya kura ikafika. Kila mnyama alishika kokoto moja: chungu cha kulia ni cha Ngiri, cha kushoto ni cha Kifaru. Foleni ikapinda kutoka mbuyuni hadi bondeni: kanga, digidigi, nyumbu, kobe.

"Kifaru ndiye yupi?" akauliza digidigi mmoja.

"Yule anayepita mbio," akajibu Mama Kanga.

Kifaru alikaa kitini, kavaa shada la ushindi alilojitengenezea mwenyewe. Simba akamimina chungu cha Ngiri. Chwaaa! Kokoto zikawa kilima. Akainua chungu cha Kifaru, akakitikisa.

Tik.

Kokoto moja.

"Hiyo ni yangu!" Kifaru akaruka juu. "Fisi! Yako iko wapi?"

Fisi akatazama mawingu. "Mheshimiwa, kwa umati ule, niliona yangu haina haja."

"Umati! Umati wangu uko wapi?"

"Uko mtoni, mheshimiwa," akasema Bi Pimbi kwa adabu.

Kifaru akatimua mbio mpaka ukingoni. Ng'ambo, nyani walikuwa wamejipanga juu ya miti, wakisubiri ndizi.

"Nyie! Mbona hamkuja kunipigia kura?"

"Kura?" Mzee Kidevu akajikuna kidevu. "Sisi ni watu wa huku, baba. Kwetu tuna rais wetu. Tuliitwa kushangilia tu."

Kisha, kwa heshima ya chakula alichokula, akawageukia wenzake. "Kifaru!"

"Hoyeee!" wakajibu wote.

Bi Pimbi akacheka mpaka akakaa chini, kwi-kwi-kwi, akajifuta machozi, akapanda mlimani kwa wanawe.

Basi, wanangu, anayeomba kura za watu ni lazima kwanza awatazame watu wenyewe.