Aliyeomba Kubadilishana Laptop

Hii imenifikia baada ya kupita kwenye simu za watu wengi, nami naipitisha kwako kama nilivyoipata. Isome yote. Ukirukia mwisho funzo utaliona, lakini halitakuuma, na hili limekusudiwa kuuma kidogo.

Alikuwepo kijana mmoja wa Songea, jina lake Fulko Mhagama, bingwa wa mbio za magari kwenye kompyuta. Usidhani nakuletea habari za watoto. Watu wazima hufunga safari kutoka mikoani, wakakaa mbele ya skrini na usukani wa mezani, na mshindi hupewa kiti kwenye timu ya taifa. Kiti kimoja tu. Na ukishapita miaka ishirini na mitano, hata fomu hupewi.

Fulko alikuwa na ishirini na mitano kamili. Fainali mbili alishazifikia na zote mbili akaanguka. Hii ya Morogoro ilikuwa ya tatu, na ya nne haikuwepo. Alikitaka kile kiti mpaka chakula kilikuwa hakipiti kooni.

Sasa, Fulko alikuwa na udhaifu wake. Ndani ya kompyuta ya gemu kuna kadi ya picha, kifaa kinachochora kila unachokiona kwenye skrini. Kadi ikiwa na nafasi ya kupumua, inachora picha nyingi kwa sekunde na gari linateleza. Ikichoka, picha zinapungua na gari linakwenda kwa kushtukashtuka. Na kuna kijinamba unaweza kukiweka kwenye kona ya skrini kikakuonyesha, muda wote, ni picha ngapi zinachorwa kwa sekunde. Fulko hakuwahi kucheza bila hicho kijinamba. Kwenye kundi lao la simu yeye ndiye aliyekuwa akiwabatiza wenzake: aliyepata chini ya sitini aliitwa Mkokoteni, na jina likishakuganda halikutoki.

Waandaaji walileta laptop za aina moja, kila mchezaji ya kwake, zote zikiwa na kadi ya daraja la kati. Ukiitaka kadi ya namna hiyo ikuchoree kila jani na kila tone la mvua, itakuchorea kwa muda, kisha itahema. Ukiipunguzia mzigo, itakukimbizia gari kutwa nzima. Kila mchezaji aliachiwa apange ubora wa picha apendavyo.

Mwamuzi alikuwa Bi. Leokadia, mama wa makamo, fundi wa kompyuta, mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyethubutu kuipandia juu. Kabla ya fainali alisimama akasoma kanuni.

"Ni raundi tatu. Mashine uliyopewa ikithibitika mbovu, raundi inarudiwa. Kabla ya raundi ya tatu, mchezaji anaweza kuomba kubadilishana laptop na mwenzake, na mwenzake haruhusiwi kukataa. Ila ukishaomba, umeomba. Hakuna kurudishiana."

Kanuni hiyo ilizaliwa na ugomvi wa mwaka uliopita, maana kila aliyeshindwa alidai kapewa mashine mbovu. Walichoka kusuluhisha, wakaona bora wawaachie wachezaji wenyewe.

Mpinzani wa Fulko alikuwa dada mmoja wa Lindi, Mwanahawa Chande, ambaye hakuna aliyekuwa akimjua hadi wiki hiyo. Skrini zao wawili zilirushwa ukutani ili watu wote waone. Upande wa Fulko ulikuwa wa kupendeza macho: lami inang'aa, mawingu yanatembea, na kwenye kona kijinamba chake cha kijani. Upande wa Mwanahawa barabara ilikuwa kijivu tupu na miti haina majani.

"Dada, hiyo gemu ni ya mwaka gani?" mtu mmoja alipayuka, na ukumbi ukaangua kicheko.

Mwanahawa alipeleka kiganja ubavuni mwa laptop yake, akakipeleka na ubavu wa pili, kisha akashusha ubora wa picha mara nyingine tena. Watu wakazidi kucheka.

Raundi ya kwanza Fulko alishinda. Kijinamba kilianza na tisini na moja, kikapungua kidogo kidogo, lakini mbio ziliisha kabla hajaumia.

Raundi ya pili ilianza mashine ikiwa tayari ya moto. Namba ikasoma themanini. Mzunguko wa sita ikasoma sabini. Mzunguko wa tisa, mbele ya ukumbi mzima, ikasoma hamsini na nane.

"Mkokoteni!" sauti ikatoka nyuma. Alikuwa mwenzake wa kundi, na Fulko aliitambua sauti ile.

Angeweza kupunguza picha pale pale, ni sekunde chache tu za kubonyeza. Hakubonyeza. Apunguze, ukuta uonyeshe miti isiyo na majani, wenzake wapige picha wapeleke kwenye kundi? Aliuma meno akaendelea. Mwanahawa akampita kwenye kona ya mwisho, barabara yake ya kijivu ikienda bila kukatika hata mara moja. Sasa wakawa sare, moja kwa moja.

Mapumziko yalikuwa ya dakika kumi. Fulko alikwenda mezani kwa mwamuzi.

"Mama, naomba kubadilishana. Hii niliyopewa inakufa, ya mwenzangu haijashtuka tangu asubuhi."

Bi. Leokadia alimwita Mwanahawa akamweleza. Mwanahawa alimgeukia Fulko.

"Kaka, subiri kwanza. Hii yangu haiko sawa. Ubavu mmoja hautoi hewa kabisa."

"Haiko sawa na umenipita nayo?"

"Nimeibembeleza tu. Ukiibana kidogo inachemka."

Fulko alicheka kwa hasira. "Dada, mimi nimeanza haya mambo zamani. Unataka kunitisha ili ubaki nayo."

"Mimi siruhusiwi kukataa, kaka. Nakwambia tu nisije nikalaumiwa."

Bi. Leokadia aliwatazama wote wawili. "Fulko, umemsikia mwenzako. Ukitaka naweza kuifungua hiyo laptop sasa hivi tuikague. Itachukua nusu saa."

Hapo ndipo roho yake ilipomdanganya. Aliona nusu saa ni mtego. Mikono itapoa, watu watamzunguka na maneno yao, na huenda hata huo ukaguzi ni njama ya kumpokonya mashine nzuri. Kiti kilikuwa pale, raundi moja mbele yake, na kila mtu aliyefungua mdomo alionekana anataka kumwondoa.

"Sitaki ukaguzi," alisema. "Nimeomba kubadilishana, na kanuni inaniruhusu."

"Mara ya mwisho nakuuliza. Bado unaomba?"

"Naomba."

Wakabadilishana viti. Fulko alifungua mipangilio ya laptop aliyoipata, akakuta kila kitu kimeshushwa hadi chini kabisa. Nusura arushe ngumi hewani. Kumbe huyu dada alikuwa na farasi akimwendesha kama punda! Akapandisha vivuli, akapandisha majani, akapandisha mvua, vyote juu kabisa, kisha akawasha kijinamba chake.

Tisini na nne.

Ukumbi ulilipuka. Fulko alimtupia Mwanahawa jicho, akamkuta ameinama, anashusha kila kitu alichokuwa amekipandisha yeye kwenye ile laptop nyingine. Akajisemea moyoni kwamba kiti kimekwishapatikana.

Mizunguko kumi na miwili. Taa za kuanzia mbio zikazimika, magari yakaondoka. Fulko alichomoka vizuri. Mzunguko wa kwanza alikuwa mbele, wa pili alikuwa mbele zaidi, wa tatu alikuwa na sekunde mbili nzima mkononi. Tisini na nne. Tisini na mbili. Tisini.

Mzunguko wa nne, themanini.

Itarudi, alijiambia. Ni mvua tu, ikipita itarudi.

Mzunguko wa tano, sitini na sita. Mzunguko wa sita, hamsini. Kwa mara ya kwanza alisikia kitu ambacho alipaswa kukisikia mapema: laptop ilikuwa inavuma upande mmoja tu. Kibodi ilikuwa imepata moto hadi kwenye vidole. Akakumbuka maneno ya Mwanahawa.

Mkono wake ulitaka kwenda kushusha picha. Lakini kushusha kungemgharimu sekunde tatu za kuachia usukani, naye sasa alikuwa mbele kwa sekunde moja. Na macho yake yalishagoma kutazama barabara. Yalikuwa pale konani, kwenye kijinamba, yanaomba namba ipande. Arobaini na tatu. Thelathini na nane.

Thelathini na moja.

Mzunguko wa nane aliiona kona ikija, picha ikakwama, na ilipofunguka kona ilikuwa imeshapita na gari lake lipo kwenye nyasi. Gari la Mwanahawa lilimpita bila papara. Fulko alirudi barabarani, akatoka tena, akarudi tena. Alimaliza sekunde kumi na moja nyuma.

Kabla makofi hayajaisha alikuwa amesimama.

"Mashine mbovu! Mama, hii ni mbovu, naomba ifunguliwe!"

Bi. Leokadia hakubishana. Alichukua bisibisi, akaigeuza laptop, akafungua mfuniko wa chini mbele ya watu wote. Ndani mlikuwa na feni mbili. Moja ilikuwa nzima. Ya pili waya wake ulikuwa umechomoka, na haikuwa imezunguka hata mara moja tangu asubuhi.

Fulko alihisi pumzi inamrudia.

"Kanuni inasema mashine ikithibitika mbovu, raundi inarudiwa," alisema haraka. "Si ndiyo, mama?"

"Ndiyo. Kwa mchezaji aliyepewa," alisema Bi. Leokadia. "Angeshindwa huyu dada, tungemrudishia yeye. Wewe hukupewa hii, mwanangu. Uliiomba. Ukaambiwa ina tatizo, ukakataa hata isikaguliwe."

Kisha akaichukua ile laptop ya kwanza, ile aliyoikimbia Fulko, nayo akaifungua. Feni zote mbili zilikuwa safi na nzima. Ilikuwa imepoa kiasi kwamba aliilaza kwenye kiganja bila shida.

"Na hii haina kasoro yoyote. Ulikuwa unaibebesha zaidi ya uwezo wake, basi."

Fulko alikaa chini. Machozi yalimlenga na hakuyaficha. Alimgeukia Mwanahawa, ambaye bado alikuwa hajasimama kitini, kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa kufurahi.

"Ulijua ni mbovu tangu raundi ya kwanza," alimwambia. "Kanuni ilikuwepo. Mbona hukuomba wewe kubadilishana?"

"Si ningekusukumia wewe ubovu huku najua?" alisema Mwanahawa. "Hicho kiti ningekikalia vipi, kaka?"

"Basi ungeniambia vizuri."

"Nilikwambia."

Fulko alimpa mkono, akachomoa usukani wake mezani, akatoka nje kwenye jua la saa nane mchana.

Funzo: Kabla hujakitamani kilicho mkononi mwa mwenzako, tazama kwanza unavyokitumia cha kwako. Huenda chako ni kizima na wewe ndiye unayekibebesha kupita uwezo wake ili watu wakuone, na huyo unayemwonea wivu anasonga mbele na ubovu ambao wewe usingeuvumilia hata raundi moja.