Mjusi Mmoja, Jina Moja

Sogeeni karibu, na mwenye shughuli aisubirishe kidogo, maana hadithi hii haina mwisho mpaka nyinyi muutie.

Walikuwapo watu watatu katika milima ya Usambara, kila mmoja na alichojaliwa. Mama Hoza, mkulima wa iliki, alijaliwa macho: alichokikanyaga mwenzake bila kujua, yeye alikiona kabla hajainua mguu. Mzee Elifuraha Kaniki, fundi wa makumbusho ya wanyama, alijaliwa subira: ungempa kibaba cha mchele ahesabu punje, na akikosea moja angeanza upya bila kuguna. Gharib Shemdoe, askari wa msitu, alijaliwa miguu. Mlima kwake ulikuwa kama ua wa nyumba.

Wa nne ni Bi Mwanahawa Singano, mkuu wa chumba cha vielelezo pale makumbusho. Yeye katika jambo hili hakujaliwa kitu isipokuwa taabu, na taabu hiyo ndiyo ninayowasimulia.

Siku moja Mama Hoza alikuwa akipalilia iliki zake chini ya kivuli cha msitu. Akainua gogo lililooza, akaona mjusi. Si mjusi kafiri wa ukutani. Ni wale laini, wenye magamba yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, ambao watu wa pwani huwaita mijusi islamu. Mwingine angeendelea na jembe lake. Mama Hoza aliona kwamba koo la mjusi yule lilikuwa la buluu, na kwamba ubavuni pake hapakuwa na mayai bali vitoto viwili, vibichi, vilivyozaliwa muda ule ule. "Wa huko chini pwani hutaga," akajiambia. Akamfunika kwa kanga, taratibu asije akaukata mkia, akampeleka mjini ndani ya ndoo yenye majani.

Mzee Kaniki akamweka chini ya hadubini, akahesabu. Safu za magamba kuzunguka tumbo zilikuwa ishirini na nane. Yule wa pwani ana thelathini na mbili. Mwingine angesema huyu ni kilema tu. Kaniki alifungua vichupa mia moja na kumi na sita vya spiriti, vyote vimeandikwa jina la mjusi wa pwani, akahesabu kimoja baada ya kingine kwa miezi saba. Vinne, vilivyotoka milimani, vilikuwa na ishirini na nane. "Tumekuwa tukimwita kwa jina la mwenzake miaka yote hii," alimwambia Bi Mwanahawa, huku akilifuta jicho lililokuwa likimtoka machozi. Jicho hilo halijapona mpaka leo.

Ikabaki kujua anaishi wapi. Gharib akapanda vilima kumi na kimoja, masika na kiangazi, akiinua magogo na kuyarudisha yalivyokuwa. Kwenye vilima kumi alimkuta yule wa pwani, au hakumkuta yeyote. Kwenye kimoja tu, upande wenye chemchemi, alimkuta mwenye koo la buluu. Akachora ramani. Na upande huo huo watu wa kokoto walikuwa wameomba kuchimba, miti imeshapigwa alama nyekundu.

Ramani, hesabu na mjusi vikafika wilayani pamoja. Maombi ya kokoto yakakataliwa. Msitu ukabaki, ukawekewa mipaka ya hifadhi, na vijiji viwili vikaendelea kuchota maji ya chemchemi.

Likabaki jina. Spishi hupewa jina moja, na likishachapishwa ndilo hilo, hata wajukuu wetu watalitumia. Bi Mwanahawa aliwaita wote watatu ofisini akidhani ni shughuli ya robo saa.

"Mpe jina la kilima," Gharib akasema kwa unyenyekevu.

"Jina lipi? Watu wa kijiji cha juu hukiita kilima hicho Mlulu, wa kijiji cha chini hukiita Kwembago, na wenyeviti wote wawili wameshanipigia simu. Nikiandika moja, nusu ya watu hawataniamkia tena," akajibu Bi Mwanahawa.

"Basi tutumie koo lake," akasema Kaniki.

"Jina hilo analo ndugu yake mwingine, Mzee wangu. Wewe ndiye uliyeniambia."

"Unganisha majina yetu," Mama Hoza akashauri.

"Nimejaribu, mama." Akawaonyesha. Jina lilikuwa refu kuliko mjusi, na Kaniki mwenyewe alishindwa kulisoma.

Ndipo unyenyekevu ulipowaishia.

"Mwanangu," Mama Hoza akasema, "shamba langu la iliki sasa limo ndani ya mipaka ya hifadhi. Nimelilima miaka ishirini na sita. Nikikanyaga pale nafukuzwa, na anayenifukuza ni huyu Gharib. Ningeliacha lile gogo, leo ningekuwa navuna."

Gharib akatazama chini. "Natimiza kazi, mama. Nami goti langu liliteguka kilima cha tisa, nikamaliza viwili kwa fimbo. Bila ramani yangu, mjusi wenu angekuwa ndani ya chupa, na huko nje ni kokoto tupu."

"Na bila hesabu yangu," akasema Kaniki, "angekuwa mjusi wa pwani, aliyejaa kila kichaka. Nani angezuia machimbo kwa ajili yake?"

Kilichomuudhi Bi Mwanahawa ni kwamba kila aliyesema alisema kweli. Angalau mmoja angekuwa mwongo, kazi ingekuwa nyepesi. Akamwendea mkurugenzi; mkurugenzi akamwambia atumie busara, kisha akaenda mkutanoni. Akamuuliza mumewe, mumewe akamwambia ajiandike yeye mwenyewe, akacheka peke yake. Wiki tatu zikapita hivyo. Kisha wahariri wa jarida la sayansi litakalolichapisha jina wakaleta barua: mtaalamu wa nchi ya mbali naye amempata mjusi wa koo la buluu katika chupa kuukuu, na ana jina tayari, la bosi wake. Jina lisipofika Ijumaa saa sita mchana, la huyo litatangulia.

Leo ndiyo Ijumaa, na saa tano imepita. Wale watatu wamekaa ukumbini kwenye benchi moja, hawasemeshani. Bi Mwanahawa ameshika kalamu, ameiweka, ameishika tena. "Ungekuwa na thelathini na mbili kama wenzako," anamwambia mjusi, "mimi ningekuwa nakunywa chai."

Aandike jina la mama aliyemwona, akapoteza shamba? La mzee aliyemtambua, akapoteza jicho? Au la askari aliyepajua kwao, akapoteza goti, ndiye huyo huyo anayemzuia mama asiingie? Mimi mdomo wangu umefika hapa. Ninyi mliokaa mkasikia, amueni kabla ya saa sita: mjusi yule aitwe nani?