Perege Aliyefunga Kinywa

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, samaki wa ziwani walipokuwa bado wakiamkiana kila kukicha, paliondokea perege mmoja, jina lake Nyamizi.

Huyu alikuwa haamkii mtu. Ukimsalimu, anatikisa pezi tu, huyoo, anapita. Kinywani alibeba watoto wake, wadogo kama punje za mtama. Ndivyo perege wanavyolea. Hali, hasemi, anakonda, na moyoni anaona fahari.

Jirani yake Kambale hakujua. Akamsema ziwa zima, kwamba Nyamizi ana maringo, kwamba ni mtupu, hana la kusema.

Asubuhi moja Fisi Maji akaja ufukweni na mshipi wake. Akawasha moto, akainjika chungu, akakaanga vitunguu na nyanya, ndimu akaiweka kando. Kisha akatupa ndoana. Chubwi! Mnyoo mnono.

Nyamizi akauona, njaa ikamkata tumbo. Akageuka. Kambale akamcheka, akaudaka. Ndoana ikamnasa mdomo. Akaita majirani, na majirani, mbio! Akabaki Nyamizi.

Kuukata mshipi kulitaka meno, na meno yalitaka kinywa wazi. Nyamizi akakimbilia kwenye matete, akawatema watoto.

“Tulieni hapa,” akawaambia. “Mama yenu anakwenda kumtoa jirani.”

Akarudi, akauuma mshipi. Guguna, guguna, guguna. Kacha! Ukakatika.

Fisi Maji akajitosa kwa hasira. Nyamizi mbele, yeye nyuma, pua kwa mkia. Kambale, mdomo ukimvuja damu, angeweza kwenda zake. Hakwenda. Akalipiga tope kwa mkia, pu! pu! pu! Maji yakawa uji. Fisi Maji akapapasa, akashika tope, akarudi kwenye chungu kilichoungua.

Kule kwenye matete Nyamizi akafungua kinywa. Watoto wakaingia, wote. Kambale akaona, akainamisha sharubu.

“Dada, kumbe umebeba ukoo mzima, nami nakuita mtupu.”

“Mimi ni mama wa hawa,” akasema Nyamizi. “Hilo ndilo neno langu, na linanitosha.”

Akafunga kinywa. Akapita katikati ya ziwa, kichwa juu, na samaki wakubwa kwa wadogo wakampisha njia.

Basi watoto, na ninyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi: anayenyamaza usimwite mtupu, hujui amebeba nini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye masikio ameshiba.