Aliyejitolea kwa Bibi Navoneiwa

Nawaletea kesi, hukumu sinayo. Isikilizeni mpaka mwisho kabla hamjashika upande.

Katika milima ya Upare palikuwa na kijiji kiitwacho Mrindeni, na vijana watatu waliomaliza kidato cha nne wakafaulu sawasawa. Wa kwanza ni Nakijwa Mshana, ambaye macho yake hayakupitwa na jambo. Wa pili ni Elirehema Mchome, msichana mwenye mikono isiyotetemeka. Wa tatu ni Semboja Mbwambo; huyu alikuwa na nguvu za watu wawili na uvivu wa watu watatu.

Chuo cha uuguzi kilichoko bondeni kilitangaza kwamba kitampokea kijana mmoja tu wa Mrindeni na kumsomesha bure, mradi kijiji kithibitishe kuwa amewatumikia watu kwa hiari. Wote watatu waliitaka nafasi hiyo, na hapakuwa na mzazi aliyeweza kulipa ada.

Nakijwa, tangu utoto, alimpelekea maji kila asubuhi Bibi Navoneiwa Senkondo, mjane aliyeishi peke yake na ng'ombe wake. Asubuhi moja alikuta mlango u wazi na ng'ombe analia kwa njaa. Mwingine angetua ndoo akaenda zake. Nakijwa aliona kwamba mundu haukuwapo ukutani, akashuka kwenye mteremko wa majani, akamkuta bibi ameteleza, mundu umemkata paja, damu inamwagika. Akapiga yowe.

Yowe lilimfikia Elirehema, aliyekuwa akifagia zahanati. Muuguzi alikuwa safarini. Elirehema alisaidia pale bila malipo, na kwa kutazama alikuwa amejifunza kufunga vidonda. Alikimbia, akalikandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa uzito wake wote, akalifunga, damu ikasimama. Lakini jeraha lilitaka kushonwa hospitali.

Barabara ya hospitali ilikuwa imefunikwa na udongo ulioporomoka kwa mvua, na hapo ndipo alipokuwa Semboja. Upareni kuna msaragambo: baragumu likipulizwa, kila nyumba hutoa mtu kwa kazi ya wote, na asiyetokea hupewa kazi yake peke yake. Semboja hakutokea. Alijitetea kuwa hakulisikia baragumu, ilhali jirani yake, ambaye ni kiziwi, alikuwa wa kwanza kufika. Basi akaamriwa kuufukua udongo ule. Alifukua tangu alfajiri, huku akinung'unika, na machela ya bibi ilipofika, pikapu iliyokuwa ikipeleka tangawizi sokoni ilikuwa imekwisha kupata upenyo. Bibi akapakiwa, akashonwa, akapona. Daktari alisema kwamba angekosekana mmoja wa watatu hao, wangemzika.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Yonazi Msangi, akaitisha mkutano ili jina lipatikane.

"Mimi nimembebea maji miaka yote," alisema Nakijwa, "na hakuna aliyeniahidi chuo."

"Huyo ni dada wa bibi yako mzaa mama," Elirehema akamkatiza. "Tangu lini mtu akajitolea kwa damu yake? Ungeacha, mama yako angekuchapa."

"Na wewe je? Kabla ya tangazo la chuo, zahanati ulikuwa ukiikimbia kama sindano!"

Watu wakacheka. Elirehema hakukana. "Kweli, nilianza kwa sababu ya chuo. Lakini nisingeanza, lile paja ningelifunga vipi?"

Semboja alipoinuka, mtu mmoja akamwambia kutoka nyuma, "Kaa chini, Semboja. Adhabu nayo siku hizi ni hiari?"

"Udongo ulikuwa mzito vilevile," Semboja akajibu. "Na nyinyi wenye hiari, sikumwona hata mmoja aliyekuja na sepetu."



Mzee Yonazi akamgeukia mwenye paja. "Mama, sema wewe. Nani alikuokoa?"

"Baba mwenyekiti, mimi nilikuwa nimezirai," alisema Bibi Navoneiwa. "Mliokuwa macho ni nyinyi. Ila msinitumie mimi kumnyima mtoto wa mtu."

Mzee Yonazi aliwatazama vijana wale kwa zamu. Mmoja alisukumwa na udugu, mmoja na tumaini la kusoma, mmoja na sheria ya kijiji. Chuo nacho hakikuuliza nani alifaa. Kiliuliza nani alijitolea. Nje, gari la chuo lilikuwa limekwisha kuwashwa, na dereva alikuwa akisubiri jina moja.

Ewe msikilizaji, kalia kiti cha Mzee Yonazi. Je, utamtaja nani? Na wale wawili watakaobaki, utawaambia nini?